Mteja Asiyeweza Kulalamika

Fomu ya kujiunga na kituo cha watoto wenye usonji (autism) ilikuwa na kurasa nane. Dada yangu aliniletea jioni moja pale Tabata, Dar es Salaam, akaiweka mezani karibu na sahani ya maandazi, akasema, "Kaka, hebu nisomee hii. Nimeshasaini, lakini sijui nimesaini nini." Mwanawe alikuwa na miaka sita. Hasemi. Akitaka maji anakushika kifundo cha mkono, anakuvuta mpaka jikoni, anauweka mkono wako kwenye mlango wa friji, kisha anasubiri. Jioni ile alikuwa chini ya meza akizungusha kifuniko cha chupa sakafuni. Kinazunguka, kinayumba, kinalala, anakiokota, anaanza upya.

Nilichukua penseli nikawa naweka alama pembeni. Alama moja kwa kila kifungu cha fedha, nyingine kwa kila kifungu kinachomkinga mwenye kituo, ya tatu kwa kila kifungu kinachomkinga mtoto. Ada ya kujiunga hairudishwi. Ada ya muhula hairudishwi. Mzazi akichelewa kumchukua mtoto atalipa shilingi 10,000 kwa kila nusu saa. Mtoto asipofika, kipindi kimehesabika. Kituo hakitawajibika kwa vitu vitakavyopotea wala kwa majeraha "yatokanayo na tabia ya mtoto". Kituo kina haki ya kumwondoa mtoto wakati wowote. Nilipofika mwisho nilikuwa na alama kumi na tisa za fedha na kumi na moja za kumkinga mwenye kituo. Ya mtoto ilikuwa moja tu: kwamba atapewa uji saa nne.

Kituo hicho sitakitaja, kwa sababu hakikuwa na ubaya wa peke yake. Tangu siku ile wazazi kadhaa wamenionyesha fomu zao, na karibu zote ni ndugu wa baba mmoja. Ukizisoma kwa pamoja unaona zilikotoka: zimenakiliwa kutoka fomu za shule za awali za kawaida, jina la shule likabadilishwa, likaongezwa neno "maalumu", basi. Na fomu ya shule ya kawaida imesimama juu ya jambo moja ambalo halijaandikwa popote, kwa kuwa haikuwahi kuwa na haja ya kuandikwa. Mtoto atarudi nyumbani na kusimulia. "Leo mwalimu kanipiga." "Leo sikula." "Leo katufundisha mwalimu mwingine, yule wetu hayupo." Mdomo wa mtoto ndio mkaguzi wa kila siku wa shule ya kawaida, na hakuna mwenye shule asiyelijua hilo. Uondoe mdomo huo, uone kitakachobaki kwenye zile kurasa nane.

Vituo vyetu siku hizi vinapenda kuzungumzia sera ya huduma kwa wateja. Dukani, mteja ni mtu mmoja: analipa, anapokea, akichukia anahamia duka la jirani. Kwenye kituo cha usonji mtu huyo amegawanyika. Anayelipa ni mzazi, anayehudumiwa ni mtoto. Kilichotokea kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri wanakijua wawili, mtoto na mhudumu wake, na mmoja wao hawezi kusema. Wazee wa pwani walikuwa na maana nyingine ya neno mteja: mtu aliye mikononi mwa mganga, aliyejikabidhi kwake, ambaye mganga anabeba dhamana yake mpaka siku ya kumtoa. Kwa watoto hawa, maana hiyo ya zamani iko karibu zaidi na ukweli kuliko ile ya dukani.

Niseme mapema kwamba si kila mwenye usonji hasemi. Wapo wanaozungumza mchana kutwa, wapo wanaokutajia vituo vyote vya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni bila kukosea. Lakini hata anayesema sana anaweza asijue kwamba alichotendewa ni kitu cha kusimulia, au akakisimulia baada ya miezi mitatu, katikati ya chakula cha jioni, na hakuna anayemwelewa. Na watoto hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndipo ugomvi mwingi huanzia, ingawa si hapo penye uzito. Ninamwelewa mwenye kituo. Kodi ya nyumba hulipwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwalimu mmoja anachukua watoto wawili au watatu, si arobaini, na mshahara wake ni uleule mtoto aje asije. Lakini mtoto mwenye usonji ana asubuhi ambazo mtoto mwingine hana. Hakulala mpaka saa tisa usiku. Barabara imefungwa, bajaji imepita njia nyingine, naye amepiga kelele kutoka Segerea mpaka Buguruni kwa sababu njia si ile. Kumtoza mama huyo ada ya kipindi kizima ni sawa na kumtoza faini kwa hali iliyomleta hapo. Kuna njia rahisi: mzazi akitoa taarifa kabla ya saa moja asubuhi, kipindi kinasogezwa ndani ya mwezi huohuo, au mwalimu anatumia saa ile kumwelekeza mzazi kwa simu namna ya kumtuliza mtoto nyumbani. Mwalimu amefanya kazi na mzazi amepata alichokilipia. Suala la fedha likiandikwa vizuri linakwisha. Mengine hayaishi kirahisi hivyo.

Kila mtoto pale alikuwa na daftari la mawasiliano, lile dogo lenye jalada gumu, linalokwenda na kurudi kwenye begi. Nimelipitia la mpwa wangu ukurasa kwa ukurasa. "Siku njema. Amekula vizuri." Kesho yake: "Siku njema. Amekula vizuri." Mara kumi na saba mfululizo, kwa mwandiko uleule na kalamu ileile ya bluu. Siku ya kumi na nane dada yangu alikuwa akimvua shati la sare, akaona juu ya kiwiko alama nne nyekundu zilizopangana, na ya tano upande wa pili wa mkono. Akafungua daftari. "Siku njema. Amekula vizuri."

Alipopiga simu aliambiwa mtoto alikuwa msumbufu kidogo, akatulizwa. Nani alimtuliza? Kwa njia gani? Kwa dakika ngapi? Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Kila aliyeulizwa alimtaja mwenzake, na hapakuwa na karatasi yoyote yenye jibu.

Ninataka kumtendea haki yule aliyemshika. Nilimwona mara mbili. Binti mdogo, mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akiachwa peke yake na watoto watano. Huenda mtoto alikuwa akikimbilia getini na gari lilikuwa likirudi nyuma, naye akamdaka kwa nguvu aliyokuwa nayo. Huenda alimwokoa. Huenda alikasirika tu, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa hajala tangu asubuhi. Hatutajua kamwe, na hasara hiyo imewaangukia wote wawili. Mtoto hawezi kujieleza, na binti hana cha kumtetea. Dada yangu amebaki na alama tano na maneno manne.

Ndiyo maana nasema sera ya kwanza ya kituo cha usonji, kabla ya ada na kabla ya sare, ni kumbukumbu ya tukio. Si daftari la "siku njema". Ni ukurasa wenye mambo yanayoeleweka na kila mtu: saa, mahali, waliokuwepo, kilichotangulia, alichofanya mtoto, alichofanya mhudumu, ilichukua muda gani, mtoto alitulia vipi. Mzazi anapigiwa simu siku hiyohiyo, kabla mtoto hajafika nyumbani. Ukurasa unasainiwa na aliyeshuhudia, si na mwenye kituo aliyekuwa ofisini.

Katika hayo yote, lenye thamani zaidi ni "kilichotangulia". Mtoto mwenye usonji akijigonga kichwa, akiuma au akijitupa chini, mara nyingi amezidiwa na kitu ambacho sisi hatukisikii kama kitu. Jenereta ya jirani. Taa ya tyubu inayopepesa. Harufu ya dawa ya kudekia. Au ameahidiwa bembea baada ya uji na bembea haikuja. Tuliomzunguka tunaita utundu au kiburi, na nimesikia kwa masikio yangu wakiita mapepo. Mpwa wangu sasa yuko mahali pengine. Mwalimu wake wa huko aliandika, wiki tatu mfululizo: saa nne na dakika kumi, saa nne na robo, saa nne na dakika kumi. Akasimama dirishani saa hiyo, akasikia. Ilikuwa blenda ya mama wa juisi ng'ambo ya ukuta, anayeanza kusaga matunda kwa ajili ya wateja wa saa nne na nusu. Wakamhamishia mtoto chumba cha nyuma kwa nusu saa hiyo. Vurugu za saa nne zikaisha. Hakuna dawa iliyotumika, wala mtaalamu aliyeletwa kutoka nje. Ilitumika kalamu.

Suala la kumshika mtoto linapaswa kuandikwa kwa maneno makavu kabisa, kwa sababu sheria zetu zenyewe zina pengo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Hata hivyo kanuni za viboko shuleni bado zinaruhusu hadi viboko vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 ikaweka marufuku hiyo juu kabisa. Kwetu, mtoto anayepigwa teke la hofu ndani ya mwili wake na kulirudisha nje bado anaweza kuhesabiwa mtovu wa nidhamu. Kituo kinachowahudumia watoto hawa hakiwezi kujificha nyuma ya kanuni hiyo. Kiandike: hatupigi, hatufinyi, hatumfungii mtoto chumbani peke yake, hatumnyimi chakula wala choo kama adhabu. Tunamshika tu pale anapoelekea kujiumiza au kumuumiza mwenzake, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, kamwe si kwa kumlaza kifudifudi, na kila mara tutaandika. Sentensi hizo hazijazi hata nusu ukurasa. Kwenye fomu zote nilizosoma sijaziona zikiwa pamoja hata mara moja.

Hapa inaingia pia njia ya kufundishia, ambayo mzazi huambiwa kwa jina tu, tena la Kizungu, naye anaitikia asije akaonekana mshamba. Yako mambo anayostahili kuyajua kabla hajalipa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles alichapisha utafiti wa watoto 19 waliofundishwa kwa zaidi ya saa 40 kila wiki, akasema 9 kati yao walifikia hali ya kawaida ya masomo. Utafiti huo ndio uliozaa ile imani ya "saa nyingi" inayouzwa mpaka leo. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba ndani ya njia ile mtoto alikemewa kwa sauti kali, na wakati mwingine alipigwa kofi la paja. Watu wazima wenye usonji wamesema wenyewe jinsi walivyoumizwa na mafunzo yaliyolenga kuwazuia wasitikise mikono, wasijiyumbishe, wamtazame mtu machoni hata kama inawaunguza. Njia zimebadilika sana tangu wakati huo, na wapo walimu wanaozitumia kwa huruma na watoto wakanufaika. Lakini mzazi ana haki ya kuandikiwa kwa Kiswahili: tutamfundisha nini, kwa nini, akikataa tutafanyaje, na lipi hatutajaribu kulibadilisha. Kutikisa mikono hakumdhuru mtu. Kumfundisha mtoto asiyesema jinsi ya kuonyesha picha ya choo kunamwokoa aibu ya maisha. Sera nzuri inajua kutofautisha hayo mawili. Na kituo kinachoandika kwamba kinatibu usonji kiepukwe, kwa maana usonji si malaria.

Wahudumu wenyewe hawatajwi kabisa kwenye fomu, wakati wao ndio huduma. Walimu wa elimu maalumu wanaotoka vyuo kama Patandi kule Arusha hawatoshi, kwa hiyo vituo binafsi hutegemea wasaidizi waliojifunza kazini, kwa mshahara ambao haumpi mtu sababu ya kukaa. Msaidizi akipata kazi ya duka la dawa anaondoka Ijumaa. Jumatatu mtoto anamkuta mtu mgeni, asiyejua kwamba uji lazima upoe kabisa, wala kwamba akianza kuvuta sikio la kushoto zimebaki dakika mbili. Kwa mtoto mwingine huo ni upungufu mdogo. Kwa huyu dunia imebomoka, na hakuna aliyemwambia. Naona kituo kinaweza kabisa kuahidi haya: mzazi ataambiwa mapema, mhudumu anayeondoka ataandika ukurasa mmoja wa "mambo yake", na wawili hao watakaa na mtoto pamoja walau siku chache. Ukurasa huo wa "mambo yake" ungekuwa mali ya mtoto, anaondoka nao akihama. Dada yangu alipohama kituo aliondoka na risiti tu.

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi, kwa sababu sheria imeshasema. Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji, mitandao inajaa watoto waliovalishwa fulana za bluu. Nia ni njema, na jamii inahitaji kuwaona. Lakini picha ile inatangaza pia hali ya kiafya ya mtoto aliyeshindwa kukubali au kukataa, na itamfuata atakapokuwa na miaka ishirini na mitano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kenya walikwenda mbele zaidi kwa vitendo: mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwetu idhini ya picha imefichwa katikati ya kurasa nane, chini ya saini ileile ya kukubali ada. Itengwe. Iwe na saini yake, na mzazi akisema hapana, mtoto wake asiondolewe kwenye sherehe kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye kile kifungu kilichonifanya niweke penseli chini. "Kituo kina haki ya kumwondoa mtoto mwenye tabia hatarishi." Mtoto ameletwa kwa sababu anauma, kisha ataondolewa kwa sababu anauma. Najua upande wa pili. Nimemwona mwalimu mwenye kovu la meno kwenye mkono, na ninajua kuna mtoto mwingine mle ndani anayejikunja kila mwenzake anapopiga kelele. Naye ana mama. Siku nyingine kituo kitakuwa kimefika mwisho wa uwezo wake, na kusema ukweli huo ni heshima. Kinachonikera ni neno "wakati wowote". Akitoka pale anakwenda wapi? Shule za umma zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto hapa Dar es Salaam, au City Primary kule Nairobi ambako kitengo kilianza mwaka 2003, zinahesabika, na mahitaji ni makubwa kuliko madawati. Kwa watoto wengi kutolewa kituoni maana yake ni kurudi chumbani, mlango ukiwa umefungwa kwa kitasa cha nje ili mama aende sokoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 24 cha mkataba huo ni cha elimu. Hatuwezi kuridhia jambo Dodoma na kulifuta kwa mstari mmoja wa fomu Mbezi.

Kwa hiyo kuondoka kuwe na ngazi. Kwanza kumbukumbu za matukio zisomwe pamoja na mzazi. Pili kituo kieleze kilichobadilishwa: chumba, ratiba, mhudumu, na kama mtoto ameangaliwa kiafya. Jino bovu, masikio yenye usaha, kifafa ambacho hakijagunduliwa, vyote hivi hutokea kama "tabia hatarishi" kwa mtoto asiyeweza kusema panauma wapi. Nimeona mtoto aliyekuwa karibu kufukuzwa, kumbe ana gego lililooza mpaka kwenye fizi. Baada ya hapo, kama haiwezekani kabisa, mzazi apewe muda wa kutosha, apewe ile karatasi ya mambo ya mtoto, na kituo kimpigie simu mwenzake kumtafutia nafasi. Na ada iliyobaki irudi. Katika mazingira hayo, "hairudishwi" ni neno la kuonea haya.

Utaniuliza, wazazi si walalamike? Mlangoni pale kulikuwa na sanduku la maoni la mbao, lenye kufuli ndogo ya dhahabu. Dada yangu hakuwahi kutia karatasi. Nilipomuuliza alinijibu bila kufikiri: "Nikiandika watajua ni mimi, na nafasi yake wanaisubiri watu." Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Vituo ni vichache, mzazi amezunguka miaka miwili kupata hiki, ameuza kiwanja au amekopa kikoba, na mwanawe yuko mle ndani saa saba kila siku na watu anaotaka kuwalalamikia. Utaratibu wa malalamiko unaoishia mezani kwa mwenye kituo hauwezi kufanya kazi hata kama mwenye kituo ni malaika.

Na tusidhani ni umaskini wetu. Mwaka 2016 huko Somerset, Uingereza, nyumba ya watu wazima wenye usonji iitwayo Mendip House ilifungwa baada ya kubainika kwamba baadhi ya wafanyakazi waliwanyanyasa na kuwadhihaki wakazi. Haikuwa nyumba ya mtu wa mtaani. Iliendeshwa na shirika kongwe la usonji nchini humo, lililoanzishwa na wazazi wenyewe mwaka 1962, lenye sera zilizoandikwa vizuri na wakaguzi wa serikali juu yake. Mambo yalifichuka pale wafanyakazi wa ndani walipotoa taarifa nje. Kwangu hilo ndilo funzo lake kwa wanaoandika fomu zetu: mahali ambapo anayehudumiwa hawezi kulalamika, mfanyakazi anayeona ndiye mdomo wake, na mdomo huo unahitaji ulinzi wa maandishi. Kila ukuta wa kituo uwe na namba ya simu ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuwe na kifungu kwamba mfanyakazi atakayeripoti hatafukuzwa. Kuwe na wazazi wawili au watatu, wanaobadilishana, wenye ruhusa ya kuingia saa yoyote bila kupiga simu kwanza. Kituo kinachosema mzazi haruhusiwi kuvuka geti kwa sababu "atawavuruga watoto" kina hoja kwa wiki mbili za mwanzo, mtoto anapozoea. Baada ya hapo hoja imekwisha, na geti lifunguliwe.

Lakini hata hayo bado ni watu wengine wakisema kwa niaba ya mtoto. Mimi ninaamini mtoto naye husema.

Kwenye zile wiki za "siku njema", mpwa wangu alianza kuficha begi la shule. Tulilikuta nyuma ya pipa la maji, chini ya kitanda, siku moja ndani ya sufuria kubwa ya pilau. Akisikia honi ya Noah ya kituo saa kumi na mbili na nusu alikuwa anavua viatu ambavyo ametoka kuvalishwa, anavipanga mlangoni, kimoja kando ya kingine, kwa utulivu kabisa, kisha anakaa chini. Tulimvalisha tena. Tulisema anachelewa kuzoea. Dada alimpa biskuti. Mimi mwenyewe nilimbeba mara tatu mpaka kwenye gari akiwa amekakamaa kama gogo, nikarudi ndani nikijiona nimesaidia. Tuliyoyaita ukaidi yalikuwa malalamiko yaliyowasilishwa kila asubuhi, na mteja wa kweli wa ile huduma, nasi hatukuyasoma.

Mahali aliko sasa fomu ina kurasa tano. Ada zipo, na si ndogo. Ukurasa wa tatu una maswali ambayo mzazi anayajaza kwa mkono kabla hajaonyeshwa akaunti ya benki, na jibu la kila swali linabandikwa ndani ya kabati la mwalimu ili kila anayemhudumia mtoto alione. Swali la saba linasema: "Mtoto wako husemaje hapana?"

Dada yangu alikaa na swali hilo muda mrefu. Mwalimu hakumharakisha, akaenda kumletea maji. Alipoanza kuandika, nafasi iliyoachwa haikumtosha, ikabidi ageuze karatasi aendelee nyuma. Aliandika: hutoa viatu na kuvipanga. Huficha begi. Tafadhali akifanya hivyo mnipigie.